Aliombewa Aache Lutuku Asiyoinywa

Mpendwa Mama Tshibola,

Naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, na ukinionea aibu kwa haya utakayosoma, ujue mimi mwenyewe nimeyaandika nikiwa nimefunga mlango. Mimi ni karani katika kampuni moja ya mgodi upande wa Mashamba, tena ni shemasi kanisani kwetu hapa Kolwezi, kanisa ambalo mtu akionekana na chupa ya bia hata iwe tupu anaulizwa. Mke wangu Ndaya anaimba kwaya, na alisoma kemia ya vyakula chuoni Lubumbashi lakini kazi hakupata, basi akaanza shughuli yake nyumbani, yaani anaokota maganda ya machungwa chini ya meza za wauza juisi sokoni, anayakwangua ibaki ile sehemu nyeupe ya ndani, anaichemsha, anaiosha na kuiosha tena, anaianika, anaisaga na kuichekecha mpaka upatikane unga mweupe usio na ladha yoyote, na unga huo kijiko kimoja kinanywa maji mpaka unashangaa, akiutia kwenye sosi ya nyanya inashika wala haichuruziki kwenye bukari, yaani ugali wetu, akiutia kwenye yoguti haijitengi maji hata ikisafirishwa mpaka Kasaji.

Sasa maganda yana uchungu na rangi, na maji peke yake hayaviondoi, kwa hiyo mara ya mwisho anayaosha kwa pombe kali, na pombe kali tunayoimudu sisi ni lutuku, ile ya kienyeji ya mahindi, tena ile inayotangulia kutoka wakati wa kupika, ambayo ukiiwashia kiberiti inashika moto. Anaichukua kwa Mama Mignonne, mpika lutuku wa mtaani kwetu, ndani ya bidoni, yaani dumu la plastiki. Maganda yakikauka juani pombe yote inaenda na hewa, kwenye unga haibaki hata harufu, lakini kwenye kitenge chake inabaki.

Kwenye sikukuu ya mavuno kanisani Ndaya alipika sosi, watu wakalamba sahani, na mke wa mchungaji akaniuliza siri ni nini. Nilikuwa nimesimama na wakubwa zangu wa kazini, nimevaa koti, na neno maganda likanishinda kutamka. Nikasema ni unga wa Afrika Kusini, shemeji yangu ndiye anatuletea. Ndaya alisikia, akacheka tu.

Halafu Tata Stanislas, mzee wa kanisa, akanijia nyumbani na wenzake.

"Tata Shemasi, batu banasema," akaanza. "Banamuonaka bibi yako anatoka kwa Mama Mignonne na bidoni. Na nguo yake inanuka lutuku."

Mama Tshibola, neno moja lingetosha. Lakini nikisema lutuku ni ya kuoshea, wataniuliza inaosha nini, na maganda yatajulikana, na watakumbuka walichokula sikukuu, na Afrika Kusini yangu itaanguka hapohapo mbele yao. Nikainamisha kichwa nikasema, "Mumuombee tu, ba tata."

Wakamwombea, na si kwa siri. Jumapili aliitwa mbele akiwa na sare ya kwaya, akapiga magoti, wakamwekea mikono kichwani na kukemea pepo wa ulevi, na mimi nilikuwa pembeni nimeshika kikapu cha sadaka. Aliniangalia mara moja. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Bunga ya mahindi iliisha, leo tunakula bukari ya mihogo." Nikala.

Tangu hapo kwaya wamempumzisha, akina mama hawanunui yoguti yake, na watoto wa mtaani wakimwona wanapepesuka na kucheka. Kwa Mama Mignonne haendi tena, anaosha kwa maji tu, unga unatoka wa njano na mchungu, anaumwaga. Na mchungaji, kwa kuwa bidoni haionekani tena, amefurahi sana, ametangaza kwamba Jumapili hii Ndaya atatoa ushuhuda jinsi alivyofunguliwa. Juzi Ndaya alikuwa anakunja nguo, akaniuliza bila hasira kuhusu hiyo Jumapili, "Dimanche ntasema nini? Niseme nilikuwa nakunywa?"

Je, Mama, haiwezekani nimwombe msamaha chumbani, naye atoe ushuhuda mfupi tu, kisha watu wasahau polepole? Nampenda mke wangu, na siku hizi najichukia hata ninaponyoa ndevu.

Mimi Shemasi, Kolwezi

*

Tata Shemasi,

Haiwezekani.

Pole, lakini nimeanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza. Unataka Ndaya asimame mbele ya Mungu wake akiri ulevi ambao hakuwa nao, ili wewe ubaki na koti lako. Umemkosea mara moja kwa kunyamaza, na sasa unamwomba amalizie yeye mwenyewe kazi uliyoianza.

Naijua hiyo aibu ya maganda. Nani hapa hajaficha kitu jikoni mgeni alipobisha hodi? Siku ya Afrika Kusini mkeo alicheka kwa sababu aliona majivuno ya mwanaume, akayasamehe hapohapo. Lakini ulipoulizwa kuhusu bidoni, ulipima mambo mawili, watu wajue mke wako anaokota maganda au waamini ni mlevi, na ulevi ndio uliouona nafuu. Hapo ndipo ulipomuumiza, na ukiomba msamaha bila kupataja hapo, nyamaza tu.

Na maganda yenyewe yana nini? Geuza kopo la mayonezi lililo kabatini kwako, soma maandishi madogo ya nyuma. Viwanda vikubwa vinatoa unga wa namna hiyo kwenye mti, pamba na hayohayo maganda, na vingine vinaosha kwa pombe kama Ndaya. Tofauti ni kwamba wao wanaandika. Watu waliokula sosi ile walikuwa na haki ya kuambiwa ni nini, na wewe ndiye uliyewanyima. Kuhusu usafi, awape wauza juisi ndoo yenye kifuniko, ganda liingie humo kabla halijagusa vumbi. Mwenye aibu asiyejua kununua ndoo ananichosha.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, mwambie Ndaya kwa maneno yako: nilikuacha upige magoti kwa kosa langu. Kesho nenda kwa Tata Stanislas na kwa mchungaji, peke yako, useme yote, pamoja na Afrika Kusini. Jumapili wakitaja jina la mkeo, usimame wewe, uende palepale alipopiga magoti, ukiwa na unga kwenye bakuli na ganda la chungwa mkononi, useme ukweli kwa sauti ileile unayotangazia sadaka. Wanaweza kukuvua ushemasi. Wakikuvua, kaa benchi la nyuma na uimbe.

Kisha ile lutuku. Ataihitaji, maana unga umeharibika tangu aogope kuipeleka nyumbani. Jumatatu ukitoka kazini pita kwa Mama Mignonne kukiwa bado mchana, na koti lako hilohilo, ujaze bidoni, uibebe wewe kwa barabara kubwa. Watakusalimia. Waitikie, na wakiuliza ni ya nini, wajibu.

Ukifika nyumbani usimwulize Ndaya kama amekusamehe, hilo atakuambia mwenyewe siku akiwa tayari. Umenieleza kwamba maganda huoshwa na kuoshwa tena, lakini hukuandika mara ngapi, kwa sababu hujui. Kunja mikono ya shati, umwulize hilo.