Sura ya Neema kwa Peni Nyeusi

Jumapili, Matongo

Ningemkatalia tu yule bwana wa duka.

Binti yangu Neema nilimchora kwa penseli nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, amekaa mlangoni anakula muhogo. Picha ya simu hatukuwahi kumpiga. Sasa ni mwezi wa pili tangu azikwe, nami sikuwahi mazishi. Mama yake kule Singida aliniomba niuweke mchoro mtandaoni, ndugu wote wamwone.

Leo nikapanda bodaboda hadi Tarime, kwenye duka la steshenari. Bwana wa duka akaipitisha karatasi kwenye skana. Kwenye kompyuta ikatokea nyeupe, haina mtu.

"Penseli yako hafifu, kaka. Mashine haiioni. Pitisha peni nyeusi juu ya mistari, mimi nitaisafisha."

Nikapitisha mwenyewe. Mkono huu umezoea nyundo na tindo za machimboni. Kidevu kikaenda upande, jicho moja likawa kubwa, na wino haufutiki. Akaisafisha hivyo hivyo, akaniwekea kwenye ukurasa wa familia. Nilijiambia watamjua tu.

Jioni mke wangu akapiga simu. Akauliza taratibu, "Baba Neema, huyu ni mtoto wa nani?"

Nilisema mtandao unasumbua, nikakata.

Tangu hapo nachora upya kwa kukumbuka, mara ya nne sasa. Nafumba macho nimwone pale mlangoni, lakini kila nikichora anatoka yule wa peni.