Jibu Ni Sahihi, Lakini Binti Yangu Anatakiwa Kuomba Radhi

Shangazi Roselyne, pokea salamu na univumilie, maana nina fahari na hasira kwa wakati mmoja. Mimi ni mkulima wa chai hapa Kebirigo, na binti yangu Bonareri yuko gredi ya sita, na juzi walipewa hesabu ya sehemu mchanganyiko, mbili na nusu mara tatu na nusu, nami nikajitia kumsaidia, nikazidisha mbili kwa tatu, nusu kwa nusu, nikapata sita na robo, basi mtoto akacheka, akachora shamba la mstatili, akaligawa: kipande kikubwa cha sita, vipande viwili vyembamba vya pembeni, kimoja cha moja na kingine cha moja na nusu, halafu kona ndogo ya robo. Akaniambia mimi baba yake, "Tata, hivi viwili vyembamba umemwachia jirani."

Shangazi, kwa mashamba yetu haya, ni nani humwachia jirani hata tuta moja? Jumla ilikuwa nane na robo tatu, na nilifurahi mpaka machozi, nikalitangaza jibu hilo kila nilipopeleka chai hadi watu wakaanza kunikwepa. Lakini mwalimu alimkosesha eti hiyo si njia aliyowafundisha, naye Bonareri akasimama mbele ya wenzake akamwambia mwalimu hajui hesabu. Sasa amerudishwa nyumbani mpaka aje na mzazi, aombe radhi. Mama yake anataka aombe. Mimi nasema haombi ng'o, kwa sababu akiomba radhi kwa kuwa sahihi hatainua mkono tena darasani. Nifanyeje?

Ogeto, Kebirigo

Bwana Ogeto, hongera kwa huyo mtoto. Nimelichora mwenyewe shamba lake, kisha nikafuata njia ya kawaida ya shuleni, ambayo nadhani ndiyo ya mwalimu: nusu tano mara nusu saba, nikapata robo thelathini na tano, ambazo ni nane na robo tatu vilevile. Mwalimu alikosea kumkosesha, na ninasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Lakini wewe nawe fahari imekulevya. Mtoto amemvunjia mtu mzima heshima hadharani, nawe uko kituo cha chai unajigamba kwa hesabu iliyokushinda. Huko ni kulea gani?

Kesho asubuhi mpeleke shule. Aombe radhi kwa kusema mwalimu hajui, wala asiombe radhi kwa jibu lake, hata akibanwa. Mfundishe tofauti hiyo kabla hamjatoka nyumbani. Kisha aombe chaki kwa adabu, achore shamba lake ubaoni, na kando yake afanye kwa njia ya mwalimu, maana hiyo pia ataihitaji kwenye mtihani.

Na wewe ukishamsalimia mwalimu, toka nje usimame karibu na dirisha. Ukisikia darasa limenyamaza, jua binti yako anafundisha.