Kipa Wetu Aposwa

Dada Rukia,

Assalaam alaykum. Mgongo waonaje siku hizi? Sisi huku Langoni wazima, alhamdulillahi, ila jana nilicheka hadi nikaomba istighfari.

Binti wa kaka, Mwanaidi, yule kipa, amejiwa na kocha wa klabu ya wanawake ya Nairobi. Mtoto roho juu, maana neno la mwisho ni la Shangazi Zuhura, na Shangazi mpira haujui, ajua posa tu. Basi kampokea kocha kiposa hasa, kwa udi, halua na kahawa, na sisi wanawake tumemzunguka. Ataswali wapi? Atapikiwa na nani? Kocha, mama mpole, akajibu yote.

"Na makipa wengine wangapi huko?" akauliza Shangazi.

"Wawili tu, Bi."

"Wake wenza wawili! Na zamu yake?"

Kocha akatua kikombe. "Mwanzo atakaa benchi kidogo."

"Hatumpeleki mwana nti ya watu, ugenini, akakae! Kukaa, hata hapa barazani hukaa."

Machozi yakamlenga Mwanaidi. Mimi mtandio mdomoni. Kocha akamtazama mtoto, akashusha pumzi.

"Basi mechi ya kwanza adake yeye."

"Na ya pili?"

"Na ya pili, Bi."

"Haya, isomwe Fatiha!"

Wanaondoka Jumamosi, inshallah. Shangazi naye afunga mzigo, amfuate kambini kama somo, yule kungwi, anavyomfuata bi harusi. Kocha bado hajaambiwa.

Mola akupe afya, dada yangu. Nijibu upesi.

Nduguyo, Khadija