Uso wa Ogeto Kwenye Chupa

S.L.P. 417,
Kenyenya, Kisii.
9 Septemba 2025

Kwa mjukuu wangu mpendwa Edinah,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Minnesota, wewe, mumeo Nyamongo na mtoto. Kile kikohozi cha Brandon kimeisha? Na baridi je, imeanza? Sisi huku tunaendelea. Mvua imetosha, ndizi zimezaa vizuri, na nyanya yako Bathsheba bado anachuma chai yake mwenyewe kila asubuhi ingawa tumemkataza. Mimi ndiye niliyeisha. Daktari anasema moyo umechoka na hana dawa ya kuongeza. Naandika aya moja, nalala, naamka, naandika nyingine. Unisamehe mwandiko.

Binti yangu Kwamboka alinionyesha picha uliyotuma kwa simu yake. Nimekuona katikati ya Wakenya wenzako siku ya mpira, mmevaa fulana za bia ya Ngao, na chini umeandika kwamba mzee aliye kwenye chupa ni babu yako Ogeto, kaka yangu, na kwamba ukimwona yeye unaiona Kenya. Nilimrudishia simu haraka.

Wiki hiyo hiyo kampuni ya bia hiyo ilimleta hapa kijana anayeitwa Duke, viatu vyeupe, na kreti mbili za bia kama zawadi. Wanataka uso wa Ogeto ubaki kwenye chupa mpya, na sanamu yake kwenye lango la kiwanda. Kwa kuwa marehemu baba yako alikuwa kifungua mimba wa Ogeto, na wewe ni kifungua mimba wake, wanaitaka sahihi yako. "Mzee," akaniambia, "hii chupa ni kitambulisho cha pili cha Mkenya. Nyinyi ndio wenye Kenya!" Nikamwambia atoe kreti zake barazani kwangu. Akacheka, akidhani namtania.

Kabla hujashika kalamu, nisikilize.

Bia hiyo haikuzaliwa na Uhuru kama chupa inavyodai. Ilipikwa na walowezi kwa ajili ya walowezi, na kwenye lebo kulikuwa na taji. Nilipozaliwa, mtu mweusi hakuruhusiwa hata kuinunua. Bendera ilipobadilika, walibandua taji wakachora ngao, basi. Mapipa yalikuwa yale yale, na Mzungu aliyeipika alikuwa yule yule. Watu hawakudanganyika, waliendelea kuiita bia ya bwana. Mwaka 1971 nilikuwa katika idara ya matangazo ya kampuni hiyo, kijana mwenye digrii na tai, na mkuu wangu akainyooshea chupa kidole akaniambia, "Ombui, tafuta Kenya uibandike hapa."

Maneno "Bia ya Taifa Tangu Uhuru" niliyaandika kwa dakika kumi. Kilichobaki kilikuwa uso. Nikawakumbuka wazee wetu walivyozunguka chungu kimoja cha amarwa, pombe yetu ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Amarwa haikuwa na lebo wala kiwanda. Wanawake waliipika, wageni wakaimaliza siku hiyo hiyo. Nilitaka picha ya mzee mwenye mrija, lakini kila mzee niliyemfuata aliniuliza maswali mengi. Ndipo nikaenda kwa kaka yangu, ambaye hakuwahi kuniuliza chochote.

Ogeto aliacha shule ili mimi niendelee. Alikuwa mzee wa kanisa, na kileo hakikuwahi kugusa ulimi wake. Nilimwambia picha ni ya kitabu cha wanafunzi kuhusu mila zetu. "Kama ni ya watoto, sawa," akasema, "lakini kwenye chungu tieni maji." Tukatia maji. Alikuwa na miaka arobaini na moja tu, kwa hiyo nikampaka unga wa mahindi kwenye ndevu. Mkewe Bathsheba alicheka hadi akaketi chini. "Shemeji, umenizeeshea mume! Utanitafutia mwingine?"

Baada ya miezi mitatu uso huo ulikuwa kwenye chupa zote, na mabango yake yamepigiliwa misumari kwenye kila baa kuanzia Suneka hadi Nyamira. Kanisa likamwita. Akasema yalikuwa maji. Mmoja wao akamuuliza, "Na huyu kwenye karatasi ni nani, pacha wako?" Wakacheka. Akawaambia wamuulize mdogo wake, na wao wakaniandikia.

Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, Edinah. Niliwajibu kwa mstari mmoja, kwenye karatasi ya kampuni, kwamba sijui chunguni mlikuwa na nini.

Wakamwondoa kwenye uzee wa kanisa, kisha kwenye ushirika. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha la kanisa, akifuatisha nyimbo. Alizikwa bila mchungaji. Wewe ulikuwa na miaka minane, nadhani ulifikiri ndivyo watu wote wanavyozikwa. Hakunilaumu hata siku moja. Kila nilipofika nyumbani aliniuliza, "Kazi inaendeleaje?" Nami nilikuwa nimepandishwa cheo.

Sasa kampuni imeuzwa kwa watu wa ng'ambo. Walowezi waliianzisha, wageni wanaimiliki, na huo Ukenya wake wote ni unga kwenye ndevu za mtu aliyedanganywa. Inanitia kinyaa. Lakini hakuna kinachonitia kinyaa kama mkono huu unaokuandikia.

Jumapili nilimwita Bathsheba nikamwambia yote. Alikuwa akiambua maharagwe, hakuacha hadi nilipomaliza. Kisha akasema, "Najua yalikuwa maji. Ni mimi niliyeyachota mtoni."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilisema. Nilisimama mbele ya wazee wale nikasema. Wakasema mke lazima amtetee mumewe. Walitaka neno la msomi. Walikuwa wanakungoja wewe, Ombui."

Usitie sahihi. Mwandikie Duke kwamba mtu huyo hakuonja bia yao, na kwamba familia inataka sura yake irudi nyumbani. Wakikuahidi lolote, waulize kwanza kama wanalijua jina lake.

Mimi nimeomba kanisa linisikilize kwenye ibada ya Jumamosi hii. Wajukuu watanibeba kwa kiti, na Bathsheba amesema ataketi mbele. Wazee wale wote wamekufa, lakini kitabu cha washirika kipo, na jina la Ogeto limekatwa humo kwa wino. Nataka liandikwe tena nikiwa naona. Nikitangulia kabla ya siku hiyo, Kwamboka ana nakala ya barua hii, ataisoma huko kanisani.

Msalimie sana Nyamongo. Mbusu Brandon kwa niaba yangu. Kwamboka na nyanya yako wanakusalimu. Mungu akufunike na nyumba yako yote, na akupe ujasiri wa kusema kweli mapema kuliko mimi.

Ni mimi babu yako mdogo, ninayekupenda na ninayekuomba msamaha,

Ombui