Pongezi Zilizomfikia Mama Mkwe

Chakol,
Kaunti ya Busia.
12 Machi 2025

Mpendwa Dada Vivianne,

Yoga noi, salamu nyingi kutoka nyumbani! U hali gani huko Muscat? Mgongo bado unakusumbua ukipiga pasi? Sisi ni wazima. Mvua imeanza, mtama umepandwa, na mume wangu Ekisa bado anashughulikia hati za malori mpakani. Anasema umeisahau ile kofia uliyomwahidi.

Usishangae kuona karatasi. Alinga anarudi huko Ijumaa nikaona nimtume, maana siku hizi simu naitazama kama mgeni aliyekaa sana jikoni.

Dada, nina mimba ya miezi mitatu. Haya, nimesema. Unajua zile mbili zilivyoharibika, na nilivyopewa pole sokoni hata na watu nisiowajua. Safari hii mimi na Ekisa tulifunga midomo. Kwetu hata nepi hainunuliwi kabla mtoto hajalia. Sasa sikia maajabu.

Mwezi jana nilinunua vile vidonge vya wajawazito kwenye duka moja la dawa pale Malaba. Ukilipa, wanaandika nambari yako ya simu upate pointi. Mimi natumia laini ya Uganda, kama nusu ya Malaba, na kompyuta yao haiitaki. Basi nikawapa nambari ya mama mkwe, kama tunavyofanya wote hapa nyumbani. Pointi zikijaa, yeye huchukua sabuni. Wala haikunijia akilini kwamba kuna ubaya.

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Simu ya mama mkwe, Mama Amongin, ikalia, na unamjua, kila ujumbe lazima ausome kwa sauti kama somo la kwanza kanisani. "Hongera, mama mtarajiwa! Nepi za mtoto wako zinakungoja kwa bei nafuu." Mjane wa miaka sitini na nane! Wanawake walicheka mpaka rozari zikawaponyoka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanitupia jicho mara moja tu, kisha akawaambia, "Hawa watu wa kampuni ni wajinga kabisa. Wanafikiria mimi ni Sara ya Biblia?" Tangu siku hiyo wanamwita Sara, hata sokoni, naye anawaacha wacheke.

Jumatatu nilimwendea Collins, muuzaji wa pale dukani. Sikwenda kugombana, nilitaka kujua. Ni nani aliyekaa akawaza kuhusu tumbo langu?

"Si mtu, madam, ni system. Ukinunua hiyo dawa ujumbe unajituma wenyewe kila mwezi, mpaka mtoto amalize mwaka."

Nikamwambia aifute nambari.

"Kuongeza naweza, madam. Kutoa ndio siwezi. Hiyo ni head office."

Nikamuuliza: na mtoto asipofika, nani ataiambia hiyo system? Hilo ndilo linaloniogopesha, dada, kupongezwa kila mwezi kwa mtoto niliyemzika.

Ekisa anasema sisi ni watu wadogo, kampuni itatufanyia nini? Labda ni kweli. Hakuna aliyeniibia, nambari niliitoa kwa mdomo wangu. Lakini habari ya mtoto sikuitoa, wameipata wapi ruhusa? Na wamempa nani mwingine? Wewe umetembea kuliko mimi. Huko wanamwuliza mtu kabla ya kumwandika? Naye akikataa, dawa anauziwa? Nijibu, nina hamu ya kujua.

Msalimie Selpha wa Matayos, ila hili usimwambie. Baba anakusalimu, na watoto wa Etyang pia.

Mama Amongin anakusalimu sana. Jana nilimpelekea laini mpya nikamwomba aitupe ile ya zamani. Alikuwa akimenya mihogo, hata uso hakuinua. "Wacha hizo pongezi zikuje kwangu," akasema. "Mtoto akikaa, nitakusomea zote. Asipokaa, hutaona hata moja." Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Nililia pale pale, dada, na yeye akaendelea kumenya.

Mungu akuchunge ugenini, na huyu mdogo tuliyeshindwa kumficha amlinde mpaka siku yake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Apolot