Sekunde Sita za Hostka

S.L.P. 41,
Hostka, Texas.
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Leona,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini huko Alaska hamjambo wote, na kwamba goti limepunguza kukusumbua tangu uanze zile dawa mpya. Theluji imeshafika madirishani? Bado unalala na soksi mbili? Mimi ni mzima, ila presha inapanda na kushuka ipendavyo, na usingizi umenihama tangu Ijumaa.

Najua umenipigia simu mara tatu. Nilikuwa jikoni naitazama ikilia. Usinione mbaya, Leona. Nililo nalo siwezi kulitamka huku nakusikia ukipumua upande wa pili, ndiyo maana nimeshika kalamu kama enzi za mama.

Kwanza ya nyumbani. Miti ya pekani imezaa kokwa mpaka matawi yanainama, na nimekutengea makopo mawili. Paa la kanisa limekwisha kuezekwa. Padri mpya bado anahubiri mpaka watoto wanalala, na Jumapili Agnes Marek alimwambia mlangoni, mbele za watu, "Padri, hata mpira una robo nne tu, kisha watu wanakwenda nyumbani." Padri alicheka, lakini masikio yalimwiva.

Sasa la Clifton. Najua ameshakueleza kwamba timu yake ya Marl Creek ilifungwa hapa kwetu, na video umeiona, maana nani hajaiona. Mwanao anawakimbilia marefa baada ya mchezo, kofia ameitupa chini, kidole kinaelekea ubao wa saa, anapiga kelele kwamba saa haikutembea. Watu wanaicheka na kutumiana. Bodi ya shule yao inakutana Jumatatu kuamua kama abaki kuwa kocha au aondoke, kwa kuwa eti hajui kushindwa. Mkewe Dana anajifungua Februari, na nyumba wanayokaa ni ya shule.

Leona, mwanao alisema kweli. Saa haikutembea. Na unajua nani anayeiendesha saa ya uwanja wa Hostka tangu Emil wangu afariki.

Ngoja nikueleze taratibu, maana wewe mpira huu wetu wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi, uliuacha ulipopanda ndege kwenda Alaska. Marl Creek walikuwa na pointi ishirini na moja, sisi kumi na saba. Zilibaki sekunde kumi na nne, na vijana wetu walikuwa wameshatumia nafasi zao zote za kuomba mchezo usimame. Mjukuu wa Agnes akaukimbiza mpira, akagongwa yadi tisa kabla ya mstari wa mwisho, ukamponyoka. Ukadunda mbele, ukatoka nje pembeni. Nikaisimamisha saa, kama inavyopaswa. Zilikuwa zimebaki sita.

Dakika mbili za mwisho, mchezaji akitoka nje na mpira mkononi, saa inalala mpaka mpira uchezwe tena. Hilo kila mtu hapa analijua, hata mbwa wa Agnes. Lakini mpira ukimponyoka mtu ukaenda mbele na kutoka nje, hiyo ni kesi nyingine. Unarudishwa pale ulipoponyoka, refa anauweka chini, anazungusha mkono, na saa inaanza papo hapo, timu iwe imejipanga au haijajipanga. Bila hivyo kila anayezidiwa na muda angeurusha mpira nje makusudi. Emil alinifundisha hayo kwenye meza hii ninayoandikia, kwa vifuniko vya chupa, mpaka nikamwambia akirudia tena namnyima chakula.

Refa aliurudisha mpira. Akazungusha mkono. Mimi sikubonyeza.

Rudy, yule mtangazaji wetu, alikuwa amekaa ubavuni pangu pale kibandani juu. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akaniambia, "Verna, vipi saa?"

"Mpira umetoka nje," nikamjibu.

"Haya, mwenye sheria ni wewe."

Vijana wetu walihangaika kujipanga. Mmoja alisimama upande usio wake, akavutwa kwa jezi. Walichukua sekunde kumi na zaidi, na ubao ukaendelea kuonyesha sita. Kwa sheria mchezo ulikuwa umekwisha kabla hawajainama. Ndipo wakarusha mpira, ukadakwa nyuma ya mstari wa mwisho, pointi sita, na tukawa ishirini na tatu kwa ishirini na moja. Kibanda kilitikisika kwa miguu ya watu.

Hostka haijaingia mtoano kwa miaka ishirini na sita. Kesho mabasi matatu yanaondoka kwenda kuishangilia timu. Agnes ameniletea sahani nzima ya kolache, vile vimikate vitamu vya jibini, akanibusu shavuni na kuniambia saa yangu ina baraka. Zile kolache ziko palepale juu ya jokofu. Sijaweza kumeza hata moja.

Jumapili Clifton alinipigia baada ya misa, kama kawaida yake. Nilifikiri atanigombeza, na laiti angenigombeza.

"Mama mkubwa, sikupigii kukulaumu," alisema. "Nataka kujua tu. Mkono wa refa uliuona?"

Nikamwambia, "Mwanangu, watu walisimama mbele ya dirisha, sikuona kitu."

 Akasema, "Basi labda ni mimi. Tangu Ijumaa nahesabu na kuhesabu, sasa naona huenda kichwa changu ndicho kibovu. Dana anasema niwaombe radhi marefa." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Leona, hakuna aliyesimama mbele ya dirisha. Mkono niliuona. Kwanza kabisa, kwa kufumba na kufumbua, nilichanganyikiwa, nikadhani ni ile sheria ya mchezaji kutoka nje. Ningependa niishie hapo, nikuambie ni uzee. Lakini Rudy aliponiuliza nilishakumbuka. Kitufe kilikuwa chini ya kidole gumba, nawasikia watu wangu wote wakipiga kelele kule chini, nikajiambia acha kidogo tu. Nilimtazama kabisa Clifton kule ng'ambo ya uwanja, amenyoosha mikono yote miwili kuonyesha ubao. Mtoto niliyemfundisha kusoma saa mimi mwenyewe, mwaka ule ulipolazwa.

Matokeo hayabadiliki. Marefa wakishatoka uwanjani, mchezo umefungwa. Kwa hiyo sina wa kumrudishia ushindi. Kilichobaki ni jina la mwanao, na Jumatatu litajadiliwa na watu saba ambao hawajui ninachokijua.

Nimewaandikia bodi barua mara mbili, na zote mbili nimezichana. Barua inaweza kulazwa kwenye droo mpaka kikao kiishe. Nitakwenda mwenyewe. Jana nilimweleza Rudy kila kitu. Akakuna kidevu.

"Ukilisema hilo, Verna, mji huu utakunyima hata chumvi."

"Najua."

"Na Agnes?"

Nikatazama kolache zake juu ya jokofu. Tumekaa benchi moja kanisani miaka arobaini. Rudy akainuka, akachukua kofia yake, akasema, "Nitakuja kukuchukua saa kumi na moja jioni. Kwa macho yako hayo utaishia mtaroni."

Naogopa, Leona. Sikufichi.  Naogopa sura ya Clifton nitakapoingia mlangoni kuliko ninavyoogopa Hostka yote. Barua hii itakapokufikia kikao kitakuwa kimepita, na pengine ameshakupigia. Akiwa na hasira, mwache awe nayo. Usinitetee kwake hata kidogo, ukisema dada yangu mzee, dada yangu mjane. Na wewe ukitaka kunikasirikia, nakuomba unikasirikie kwa simu, nitapokea.

Msalimie sana shemeji Walt, mwambie ile fimbo yake ya kuvulia bado iko stoo kwangu. Msalimie Carol Ann na pacha wake, na jirani yako yule anayekuletea samaki. Mungu awakinge na baridi hiyo, amlinde Dana na kilichomo tumboni, na Jumatatu anipe sauti.

Maneno yenyewe ni machache: "Clifton alisema kweli. Refa alizungusha mkono, niliuona, nikaizuia saa." Asubuhi hii nimeyasema mbele ya jokofu, saa ya mkononi ya Emil ikiwa imening'inia kwenye kishikio cha mlango wake. Mara tisa nimekatikia njiani. Mara ya kumi nimefika mwisho, na nilipotazama saa, zilikuwa zimepita sekunde sita.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyestahili wiki hii kuulizwa kama nimekula,

Verna