Wageni Wawili wa Bafuni

Jumamosi, 1 Februari 2025

Daftari hili Baba alininunulia siku aliyonirudisha kwa Bibi, nilale naye asibaki peke yake. Miezi mitano limekaa tupu. Leo naanza, na naahidi: nitaandika yote, hata yale ya kunitia aibu. Nikificha kitu, nichane ukurasa.

Leo samaki wawili wamehamia bafuni kwetu.

Nieleze kwa mpango, kama tunavyofundishwa. Babu Khelef, Allah amrehemu, ameacha tangi la samaki sebuleni, lita mia sita za maji ya bahari. Ndani yumo Waziri peke yake. Ni kitatange mkubwa, buluu na manjano, ana miaka kumi na moja, mimi nimempita mitatu tu. Babu alikuwa akigonga kioo mara mbili, Waziri anakuja kula mkononi mwake. Tangu Babu afariki, Waziri anajificha nyuma ya jiwe na chakula kinaozea chini. Bibi anakaa mbele ya kioo akimbembeleza. Halafu na yeye hali.

Asubuhi kaja Jaku wa Chukwani, mvuvi aliyekuwa akimletea Babu maji ya bahari kwa madumu. Ana ndoo. Ndani ya ndoo vitatange wawili wadogo, wamenaswa kwenye dema lake.

"Bi Shariffa, nimemletea Waziri wenziwe."

Bibi alicheka! Sijamwona akicheka tangu msiba. Akainyanyua ndoo aimimine tangini.

Nikapiga ukelele. Jaku alishika ukuta.

Shuleni, kwenye klabu ya viumbe vya bahari, Mwalimu Ridhwan katufundisha: samaki mgeni hachanganywi na mwenyeji mpaka zipite siku thelathini. Unamwona mzima, kumbe ngozini ana minyoo bapa midogo, haina rangi, huioni. Akiingia nayo tangini, basi. Na Waziri ni mzee, hali chakula, hataiweza. Karantini! Nililisema neno hilo nadhani mara kumi.

Bibi akauliza hiyo karantini iko wapi. Nikasema bafuni juu, kwenye beseni la buluu la kufulia mablanketi.

"Mgeni aje kwangu nimweke chooni? Wewe Khawla, nani kakulea?"

"Wewe, Bibi."

Akaitua ndoo. Nimeshinda, lakini sijisikii kama mtu aliyeshinda.


Jumatatu, 3 Februari

Juu hatuogi tena. Tunaoga chini kwa jirani, Bi Salhiya. Asubuhi kaniuliza kulikoni, mbona tunashuka na kanga na sabuni zetu. Nilikuwa nachelewa shule. Nikamjibu: "Juu kuna wageni wawili, wametengwa, tunatazamia kama wana maradhi."

Kweli tupu! Sikuongeza wala sikupunguza.

Narudi saa nane — viatu kumi na vinne mlangoni. Wanawake saba wamekuja kutazama wagonjwa. Wana machungwa, biskuti, chupa mbili za uji wa pilipili manga. Mmoja kaleta shuka. Wamepanga foleni ngazini, maana bafuni anaenea mtu mmoja.

Bi Salhiya ndiye wa kwanza. Akainama juu ya beseni. Akainuka. Akatazama nyuma ya mlango.

"Wako wapi?"

"Ndio hao," nikasema.

"Hao? Hao ndio nimewachujia uji?"

Lakini watu wameshapanda ngazi zote zile. Basi kila mmoja akaingia, akasema pole, akatoka. Mwenye shuka akauliza awaachie au arudi nayo. Uji tumekunywa wenyewe.

Wakati wa kuaga Bi Salhiya kamshika Bibi mkono. "Shariffa, leo siku ya tatu. Hawa wageni wameshamwamkia mwenye nyumba?"

Sote tulijua anamkusudia Waziri. Bibi akageukia vyombo. Alikosha kikombe kimoja mara tatu.


Jumatano, 5 Februari

Waziri kala!!! Bibi anasema katoka nyuma ya jiwe, kala kamba watatu, kalizunguka tangi lote. Nikauliza kumetokea nini. "Roho yake tu imependa," kasema, akenda jikoni haraka.

Nimeiandika siku hii kwa wino mwekundu. Labda mambo yatatengenea.


Jumamosi, 8 Februari

Leo nimewaogesha wageni. Mwalimu Ridhwan alinielekeza kwa simu ya Bibi, hatua kwa hatua: maji ya mfereji yasiyo chumvi, yalale siku nzima na pampu ya hewa, yawe na joto lilelile la beseni. Samaki anatiwa humo dakika tano, zisizidi. Yeye anavumilia. Minyoo haivumilii — inakufa, inageuka nyeupe, inadondoka, unaiona.

Bi Salhiya alikuja na kiti chake.

Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Bi Salhiya kasema nawatesa viumbe wazima. Dakika ya tatu minyoo ikaanza kushuka. Vidoti vyeupe, kimoja, viwili, halafu vingi, mpaka chini ya bakuli pakawa kama pamemwagwa ufuta.

"Yaa Rabi," kasema Bi Salhiya. "Kumbe wageni wamekuja na wageni wao!" Akavuta kiti nyuma.

Nilidhani Bibi atanisifu. Nilijitayarisha kabisa. Badala yake kauliza, pole pole: "Kama wamekaa mahali robo saa tu, inaweza kubaki hapo?"

"Mahali gani, Bibi?"

"Mahali popote. Nauliza tu. Mtu hawezi kuuliza?"

Nikampigia tena Mwalimu. Kasema inabaki, na inaacha mayai. Kuogesha hakutoshi, lazima dawa, na dawa yenyewe ni ileile ya kichocho. Vile vidonge vikubwa tunavyopewa shuleni! Ameagiza ya samaki kutoka Dar es Salaam. Akasisitiza: "Ikifika usikisie kiasi. Uniulize kwanza."

Nikamwahidi. Mimi siku hizi naahidi sana.


Jumanne, 11 Februari

Nilisema nitaandika yote. Haya.

Leo ilikuwa siku ya vidonge vya kichocho. Mwalimu Ridhwan mwenyewe alishika fimbo ya kimo. Unasimama nayo, inasema vidonge vingapi, unameza mbele yake. Mimi kiranja wa afya, natia alama mbele ya kila jina. Nimehimiza darasa zima. Nimemwambia Wanu asijifanye anatapika.

Kimo changu ni vidonge vitatu. Nikavitia kinywani. Nikavificha chini ya ulimi. Uchungu wake! Nikaenda mferejini, nikavitoa, nikavitia ndani ya soksi.

Nikarudi nikajitilia alama. Mwandiko wangu mzuri, ilitoka nzuri kuliko zote.

Dawa ya Dar haijafika. Wale wawili wanahitaji, na vidonge vilikuwa vyangu, sikumnyang'anya mtu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima, nikitembea kama mwenye mwiba.

Nimefika bafuni, nimevipanga ukingoni mwa beseni. Ndipo nikakumbuka. Sijui kiasi. Wa kumuuliza ni Mwalimu Ridhwan. Naye atauliza dawa nimeipata wapi.

Vimerudi kwenye soksi.


Ijumaa, 14 Februari

Waziri anajikuna.

Anajitupa ubavu kwenye jiwe, tena na tena. Jicho la kushoto limeingia ukungu. Kamba hakumtazama hata mmoja.

Nikasema haiwezekani. Wavu mbalimbali, ndoo mbalimbali, mikono naosha mpaka imepauka. Imetoka wapi?

Bibi alikuwa kasimama nyuma yangu. Akavua miwani.

"Jumatano ile ulikuwa shule," kasema. "Niliwatia kwenye bakuli la pilau, lile la wageni. Nikawapeleka wakamsalimie. Robo saa tu, nilitazama saa."

"Bibi!"

"Alitoka, Khawla. Alitoka nyuma ya jiwe kuwapokea. Akala. Ningefanyaje, mwanangu? Watu wamo nyumbani siku tano hawajamwona mwenyewe!"

Nilitaka kukasirika. Lakini kumbe ndiyo siku yangu ya wino mwekundu.

Tukamwogesha na yeye, kwenye sufuria kubwa la msiba wa Babu, hakukuwa na chombo kingine kinachomwenea. Bibi alihesabu dakika kwa sauti. Ufuta wake ulikuwa mwingi kuliko wa wale wawili. Tumemrudisha tangini, na tangi ndilo lenye mayai, najua, lakini tumweke wapi tena?

Bibi kakaa kizingitini mwa bafu na kanga yake imelowa. Kaniambia kosa lake lote bila kuulizwa.

Mimi la kwangu sikumwambia.


Jumapili, 16 Februari

Saa kumi na nusu. Naandikia kwenye paja, sebuleni.

Waziri yuko ubavu. Anajiinua, anaogelea kidogo, analala tena. Jaku kaleta maji mapya asubuhi, hayakusaidia. Adhuhuri Bibi alimpigia Mwalimu. Dawa bado iko Dar, labda Jumatano.

Jumatano! Tangu ile siku ya wino mwekundu, Jumatano nimezichoka.

Safari hii nani katoa habari sijui, lakini wamekuja wote saba, na wa nane. Wamekaa kwenye busati kuelekea tangi. Hakuna anayecheka. Mwenye shuka kaja nayo tena, kaifunika meza ya pampu isipate vumbi. Bi Salhiya alikuwa akimweleza yule wa nane kwamba mgonjwa alikuwa rafiki wa marehemu.

Bibi akagonga kioo mara mbili, kama Babu. Waziri akageuza jicho lile zima. Hakuja.

Hapo nikainuka. Nikaleta soksi.

"Bibi, nina dawa." Nikasema yote, mbele ya watu wanane. Fimbo, ulimi, mfereji, alama.

Bibi akaitazama soksi.

"Kwenye soksi?" kauliza Bibi.

"Naam."

"Tokea Jumanne? Soksi hiyohiyo?"

"Nimebadilisha, Bibi. Hii safi."

"Na kichocho kikikupata wewe? Nimwambie nini baba yako, nilikuwa nnamuuguza samaki?" Sauti yake ilipanda. Akavitwaa vidonge, akavitazama, akamtazama Waziri. Akenda kuleta kinu kidogo cha kusagia iliki.

Ndipo ukaanza mjadala. Bi Salhiya kasema hesabu ni nyepesi: mimi kimo changu vitatu, Waziri kimo chake sahani ya chai, basi mpeni kiasi cha ukucha. Yule wa nane kasema si kimo, ni maji, anakunywa lita mia sita huyo! Mwenye shuka kasema vyote vitatu na Bismillahi. Mmoja akataka apimwe urefu, kaenda kutafuta rula yangu. Nikawaambia dawa ikizidi itamuua, ikipungua itakuwa kazi bure, na mimi sijui, sijui, anayejua ni mtu mmoja tu.

"Basi muulize," kasema Bibi, akanipa simu yake.

"Atajua sikumeza, Bibi. Atanivua ukiranja."

"Mimi nshasema langu," kasema. "Sikufa."

Nimeandika. Nimefuta. Nimeandika tena. Nimetuma. Nainakili hapa neno kwa neno, kwa sababu niliahidi:

Assalaam alaykum Mwalimu Ridhwan. Ni Khawla, kiranja wa afya. Jumanne nilitia alama mbele ya jina langu lakini sikumeza. Vidonge vyote vitatu viko hapa, vizima. Tangi la Babu ni lita mia sita, Waziri amelala ubavu, na bafuni wako wale wawili, lita arubaini. Nisage vingapi, na kikibaki hata kimoja nimeze mimi, au nimwachie Waziri? Tafadhali nijibu sasa hivi. Bibi ameshainua mchi.